Ozella na Wimbo wa Saba

Roho Mtakatifu alimshukia Ozella Tubbs kila jioni kwenye wimbo wa saba, ubeti wa tatu, pale ngoma inapokaza. Hakuchelewa hata siku moja. Basi la kwaya lilichelewa, chakula kilichelewa, soprano walichelewa kwa sababu ya nywele, lakini Roho alifika kwa wakati kama mtu aliyeajiriwa.

Mambo hayo yalianza mwaka juzi, kwaya ya kanisa la Bethabara ilipotoka Demopolis, Alabama, kwenda kuimba Italia wakati wa Krismasi kwa mara ya kwanza. Kwenye onyesho la kwanza Ozella alishukiwa kweli. Alirukaruka, akazunguka kama pia, akaangukia mikononi mwa Vernice Hatcher, na Waitaliano wakasimama wakapiga makofi hadi viganja vikawaka. Bwana Fulvio, yule aliyewaalika na kuwatembeza mji kwa mji, akambusu mashavu yote mawili.

"Sinyora, hivyo hivyo! Na kesho tena!"

Kesho yake Roho hakuja. Lakini Bwana Fulvio alikuwa amesimama pembeni mwa jukwaa, shingo imemtoka, anamtazama Ozella kama mtu anayesubiri kuku atage. Ozella akaona haya. Mwenyeji amekulisha, amekulaza, unamnyima nini? Akaruka mwenyewe.

Tangu siku hiyo hakushukiwa tena, si Italia wala Demopolis. Jumapili wenzake wakilia kwa furaha pale Bethabara, yeye alikuwa amekaa anamuwaza kuku aliyemwacha kwenye oveni. Usiku alipolala alijiambia ukweli: amemwigiza Mungu, na Mungu kaona basi, kamwachia jukwaa. Kwa hiyo alikuwa ameamua. Krismasi hii ikipita kavu kama zile mbili, akirudi nyumbani atalikunja joho lake, alilolivaa tangu akiwa msichana mwenye kiuno, na kulirudisha kanisani. Hakumwambia mtu. Mtu wa kumwambia angekuwa Vernice, na kwa Vernice ndiko alikoona haya zaidi.

Vernice hakuwa mwimbaji. Akiimba, mbwa wa Demopolis huitikia. Yeye alikuwa mhudumu wa kanisa, wale wa nguo nyeupe na glavu nyeupe. Pale Bethabara mtu akishukiwa, wahudumu wana kazi yao: mmoja anamshika kiuno, mwingine anamvua miwani isivunjike, wa tatu anampepea. Vernice alikuwa ameshika viuno na kuvua miwani tangu enzi za mchungaji aliyepita. Safarini alitunza majoho na kumdaka Ozella. Na kila jioni, wimbo wa sita ukiisha, Ozella alivua miwani yake, akaipangusa, akampenyezea Vernice mkononi.

Vernice hakusema kitu mpaka mkesha wa Krismasi, mchana, ndani ya basi, wakipanda vilima kwenda Castel Sereto.

"Shoga, nikuulize."

"Uliza. Ila kama ni zile biskuti zako, nilishazila."

"Tangu lini mtu anayeshukiwa akajua kuvua miwani mapema?"

Ozella akageukia dirishani. Nje kulikuwa na mizeituni tu, haikumsaidia kitu.

"Miwani hii ni nyepesi kuvunjika," akasema.

"Marehemu dada Eulalia alivunja tatu. Ndugu Crenshaw, yule pale anayekoroma, meno yake ya bandia yaliruka yakaingia chini ya kinanda, tukayatafuta mpaka baraka ya mwisho. Lakini wewe unavua, unapangusa, unakabidhi, halafu ndiyo unapagawa. Ungedai na risiti."

Ozella akavua miwani, akaipangusa ingawa ilikuwa safi.

"Umejua tangu lini?"

"Mwaka juzi. Siku ya pili."

"Na ukawa unanidaka tu?"

"Nikuache? Kwa uzito huo ungetoboa jukwaa la watu."

Ozella akacheka, na kicheko kikamgeukia kikawa kilio, akajifuta kwa ncha ya skafu.

"Ameondoka, Vernice. Nimemwita mpaka nimechoka."

"Hujamwita," Vernice akasema, akimpa peremende kutoka mkobani. "Umempigia debe."

Siku ya Krismasi hawakuwa na onyesho. Walikaa kwenye hoteli ndogo ya Castel Sereto, theluji nje, na ndani sura kama za watu waliokosana na mwenye nyumba. Soprano wawili walikuwa hawasemeshani kwa ajili ya mashine ya kukaushia nywele. Pettway, mwalimu wa kwaya, alijiziba masikio na vile vidude vyake vya kusikilizia, anasikiliza onyesho la jana na kutafuta nani aliimba chini ya sauti. Kusali pamoja kabla ya kuimba walikuwa wameshaacha. Walikuwa wanapasha sauti tu, ma-me-mi-mo, kama mbuzi waliosoma. Mezani waliwekewa mkate mtamu wa zabibu, mrefu kama kofia ya askofu.

"Krismasi bila sukuma wiki," Ndugu Crenshaw akaguna. "Bora wangetuzika."

Vernice akamtazama Ozella. Ozella akamtazama Vernice. Wakainuka, wakaingia jikoni bila kubisha hodi.

Mpishi alikuwa Ines, mjane mnene mwenye masharubu kidogo, hajui neno la Kiingereza. Hakukuwa na haja. Ozella aliona kwenye kapu majani meusi marefu, yamekunjamana, akayanusa, akayabusu. Sukuma ya Italia, lakini sukuma. Vernice akaona shavu la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi linaning'inia, akanyoosha kidole. Ines akakata kipande. Wanawake watatu wakaelewana kuliko mabalozi.

Walikosana kwenye muda tu. Ines aliinua vidole kuonyesha dakika chache. Ozella akaonyesha jua linavyozunguka mpaka mchana. Ines akashika kichwa, akapiga kelele, na mhudumu wa meza akachungulia kutafsiri.

"Anasema mnaziua mboga."

"Mwambie zimeshakufa, mama. Sisi tunazizika kwa heshima."

Ozella akafunga aproni, akasimama kwenye sinki akichambua majani kutoka kwenye vikonyo. Mama yake alichambua hivyo hivyo kila Krismasi, na mama yake alikuwa na wimbo wake wa sinki. Si wimbo wa ngoma, wala haukuwa kwenye programu ya Bwana Fulvio. Ni mojawapo ya zile nyimbo za wazee, za zamani, kanisa likiwa na kitabu kimoja na msomaji mmoja: mmoja anarusha mstari haraka haraka, wote wanaudaka na kuuvuta polepole, bila kinanda, mpaka neno moja linakuwa refu kama barabara.

Ozella akaurusha mstari kwenye maji ya sinki, bila kumrushia mtu.

"Bwana nilikuwa mbali, nawe hukunisahau."

Akaanza kuuvuta peke yake, chini chini, kama mama yake. Hakuwa anafikiri lolote. Alikuwa anatafuta wadudu kwenye majani.

Kule chumba cha kulia, Ndugu Crenshaw akaweka kikombe chini. Sauti yake ya besi ikapita mlangoni kama upepo chini ya sakafu ya mbao. Halafu kiti kikasogea. Halafu kingine. Pettway akavua vidude masikioni. Ozella aliporusha mstari wa pili, akiwa sasa anakoroga sufuria, haukuanguka chini. Wote waliudaka. Walikuja wakajazana mlangoni pa jikoni, soprano wawili nywele nusu zimenyooka nusu zimesimama, mmoja ameshika mkono wa mwenzake na mashine imeachwa huko huko. Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyeangalia nani yuko chini ya sauti, maana wote walikuwa chini, chini kabisa, kule wimbo unakoanzia. Ines akapunguza moto, akajipiga ishara ya msalaba.

Kitu kikampanda Ozella kutoka kwenye nyayo. Alidhani ni mvuke wa sufuria. Akasema moyoni, "Huu mvuke mbona unanijua jina?" Na hapo mwiko ukamtoka mkononi.

Alipozinduka, alikuwa amekaa juu ya kreti ya viazi. Vernice alikuwa anampepea kwa mfuniko wa sufuria, hana glavu, anapumua kama aliyebeba gunia. Pettway alikuwa analia begani kwa Ines, na Ines anampigapiga mgongo kama mtoto aliyeshiba maziwa. Ozella aliwaona wote kama wamo ndani ya ukungu.

"Miwani yangu iko wapi?"

Vernice akatazama sufuria. Akachukua upawa, akakoroga, akavua mara ya kwanza nyama, mara ya pili miwani: lenzi moja imepasuka, jani la sukuma linaning'inia kwenye mkono wa fremu.

"Leo hukunikabidhi," Vernice akasema.

Wakatazamana. Ozella akaanza kucheka, kwanza tumboni, kisha mabegani, mpaka kreti ya viazi ikalia. Na sukuma ile ililiwa yote, hata Ines akaomba kuongezewa. Hakuna aliyeuliza kuhusu kiungo cha ziada.

Kesho yake jioni, nyuma ya jukwaa la mji uliofuata, Pettway hakuwaambia ma-me-mi-mo. Aliwaambia washikane mikono. Sala ikawa ndefu, Bwana Fulvio anagonga saa yake, na Ndugu Crenshaw akaongeza ya kwake baada ya amina, wazee hawana breki.

Wimbo wa sita ukaisha. Kwa mazoea, Vernice, aliyesimama nyuma ya Ozella, akanyoosha kiganja. Ozella akajipapasa kwenye joho, akamwekea kitu. Vernice akatazama. Peremende.

Wimbo wa saba, ubeti wa tatu, ngoma ikakaza. Pembeni Bwana Fulvio alikuwa anazungusha kidole hewani kama anayekoroga chai. Ozella alisimama kwa miguu yake miwili, miwani imefungwa plasta, akaimba sauti yake ya pili yote bila kuacha noti. Waitaliano walipiga makofi nje ya mdundo kama kawaida yao. Wimbo ulipoisha walisahau kwanza kupiga tena, mpaka mmoja wa nyuma akawakumbusha.

"Sinyora, unaumwa?" Bwana Fulvio akamdaka kwenye pazia. "Hukuanguka!"

"Hakuja leo, mwanangu."

"Kesho atakuja?"

"Muulize mwenyewe. Jana alinikuta jikoni, hata nywele sijachana."

Ndani ya basi Ozella alivua joho, akamtupia Vernice mapajani.

"Hili upindo umeshuka. Nishonee, mwakani nisije nikalikanyaga."

"Mwakani?" Vernice akasema, peremende imevimbisha shavu. "Na nani atakudaka?"

Ozella akamgeukia. Kupitia lenzi iliyopasuka aliona Vernice wawili, wote wanamung'unya. Akaona ni wengi mno kwa safari ndefu kama ile, akafumba jicho moja.