Mkoba wa Maua ya Karatasi

Wifi yangu, mke wa kaka, tunamwita Mama Itifaki. Hata ukipiga chafya nyumbani kwake atakuonyesha upande wa kuelekea. Basi harusi ya mwanawe ilipokaribia, akatoa amri: wanawake wote wa ukoo watabeba mikoba ya dhahabu, ya aina moja, kutoka dukani kwake.

"Asiye na dhahabu," akasema huku akinitazama mimi, si mwingine, "asisogee kwenye picha ya familia."

Bwana harusi mwenyewe nimemlea mimi! Mama yake akihangaika na duka, mimi nilikuwa naye mgongoni nikifua mashuka ya hoteli. Leo niambiwe nikae kando? Thubutu!

Nikatoa uvunguni mkoba wangu mweusi, uliochubuka kama goti la mtoto mtundu. Kule hotelini kulikuwa na leso za karatasi zenye maua, masalio ya hafla, zinasubiri jalala. Nikazichukua, nikayakata maua, nikayabandika mkobani kwa gundi. Yalipokauka, lo! Makunyanzi matupu. Mkoba ukazeeka kunishinda mimi.

Jirani yangu, fundi seremala, alicheka mpaka randa ikamponyoka.

"Dada, umebandika ua pamoja na godoro lake! Leso hiyo ina tabaka tatu. Zichambue, ubakize ile ya juu yenye rangi. Halafu mkoba wenyewe uliupiga msasa?"

"Kumbe mkoba nao hupigwa msasa?"

"Hata wewe ukipigwa utang'aa."

"Mimi dunia imeshanipiga msasa, fundi, nusura nitoboke."

Nikabandua yote nikaanza upya. Msasa kwanza, ngozi ishike. Gundi nyeupe ya fundi, nimeizimua kwa maji. Kisha ua, jembamba kama utando wa kitunguu, brashi ikitoka katikati kwenda pembeni ili hewa isibaki chini. Safari hii maua yalilala pale kana kwamba ndipo yalipozaliwa. Juu yake vanishi.

Asubuhi ya harusi nikaona ubavu mmoja haung'ai kama mwenzake, nikaupaka vanishi tena. Fundi akanipigia kelele dirishani: "Huo usiguswe mpaka kesho!"

"Harusi ni leo, fundi!" Nikatoka nimeushika mkanda tu, mkono mbali na mwili, kama aliyebeba jogoo mkali.

Ukumbini mikoba ya dhahabu ilikuwa imejipanga kama vikombe vya washindi. Mpiga picha akaita familia. Nikapita katikati yao, samahani hapa, samahani pale, hadi ubavuni kwa kijana wangu. Naye akasogea kunipa nafasi, akibana kicheko.

Mama Itifaki akanijia mbio.

"Wifi," akanong'ona meno yamefungana, "hilo gazeti ulilobeba utaliweka wapi?"

"Mbele, wifi. Watu wasome."

"Utatuaibisha. Nenda kule mwisho."

"Kule mwisho sikumlea mtu."

Mpiga picha alishainua kamera. Mama Itifaki akaona hana muda, akaja na ujanja mwingine: akajibana kwangu, akaugandamiza mkoba wake juu ya wangu, maua yote yakafunikwa, akatabasamu kama malkia. Picha ya kwanza. Ya pili. Kisha akataka kuhamia upande wa pili, kwa bibi harusi.

Mkoba ukakataa.

Akavuta kidogo. Ukasema krrr. Akanigeukia, macho yamemtoka. "Umefanya nini?"

"Mimi nimesimama tu. Aliyekuja kunibana ni nani?"

"Achia!"

"Sijakushika, wifi. Vanishi ndiyo imekupenda. Ila ukivuta kwa nguvu, hiyo dhahabu yako inabanduka yote, na wateja wako wote wamo humu wanatazama."

Akawatazama. Kweli walikuwepo, kila mmoja na mkoba wake, shingo zimerefuka. Kijana wangu mabega yalikuwa yanamcheza kwa kicheko.

"Mama, vipi?" mpiga picha akauliza. "Mnahama au mnabaki?"

Mama Itifaki akaninyooshea ukosi wa gauni, eti ndicho alichokuwa anakifanya muda wote.

"Tunabaki," akasema.

"Piga, baba," nikamwambia mpiga picha. "Piga mpaka uchoke. Mimi na wifi yangu hatubanduki hapa."