Transista Zilizopigwa Msasa

Fundi redio alikuwa akijiundia amplifaya ya klasi D, ambayo transista zake hujiwasha na kujizima mara laki kadhaa kwa sekunde. Zikiwa nzito kuwaka na kuzima, huungua. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwenye duka la vipuri, akamletea nne mpya zenye namba ya zile zenye kasi.

Alipozipangusa kwa spiriti, maandishi yakatoka kama wanja wa bei rahisi. Chini yake kulikuwa na mikwaruzo ya msasa na namba nyingine iliyofifia, ya transista nzito za zamani.

Kinyaa kikampanda, kama mtu aliyekuta unywele kwenye tonge.

“Hata mimi, shemeji? Mtu wa nyumbani?” fundi alimuuliza.

“Sasa ningejuaje kama utazipangusa?”

Fundi alinawa mikono kwa sabuni, mara mbili. Kisha akachomoa transista nne kwenye pawasaplai, kile kisanduku cha umeme, ya kompyuta iliyokufa. Zilikuwa na miguu michafu kwa solda, lakini alipozipima zilikuwa na kasi ya kutosha.

Amplifaya ikaimba vizuri bila kupata moto. Shemeji akaja kuisifu sauti. Fundi hakumwonyesha hata pa kukaa.