Kurasa za Bobini

Kaka yangu hutengeneza cherehani, na mafundi nguo wote wa mtaani wanamwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi wa chini. Mimi namwita Kaka, maana ndiye mkubwa na jina la utani la mkubwa wako halitoki mdomoni vizuri. Tunaishi wawili katika nyumba aliyotuachia mama, yeye chumba cha mbele, mimi cha nyuma, jikoni tunagombania. Chai yake anaitia sukari kama anamlipizia mtu kisasi. Mimi sukari niliiacha tangu daktari aliponitisha, kwa hiyo lile kopo ni lake peke yake, sina hata sababu ya kulifungua.

Sasa Kaka ana namna yake ya kufanya kazi. Michoro ya mashine za zamani, uzi unapita wapi, sindano inakaaje, siku hizi yote iko mtandaoni, na akipata ukurasa mzuri anauwekea alamisho ili aufungue tena kwa mguso mmoja. Lakini namba za mashine hazimkai kichwani na wala hazitaki. Kwake mashine ina mwenyewe. Kwa hiyo kila alamisho aliipa jina la mteja na ugonjwa wa mashine yake: Mama Mapacha anaruka mishono. Mzee Kinyongo anakata uzi. Mrembo wa kona, meno hayasukumi, ndiyo yale meno ya chuma yanayosukuma kitambaa chini ya sindano. Mteja akiingia tu mlangoni, Kaka ameshajua afungue wapi.

Nywila ndizo zilizomshinda. Nikachoka kumfungulia akaunti mpya kila mara, nikamwingiza kwenye yangu: simu yake, tableti ya karakana yake yenye kioo kilichopasuka, na kompyuta yangu ya ofisini. Nikamweleza kwa majivuno kwamba ukihifadhi hapa, na kule inatokea yenyewe. Kwamba ukifuta hapa na kule inafutika, hilo sikumwambia, kwa sababu hata mimi sikuwa nimelifikiria. Ndiyo mimi huyo. Najua nusu ya jambo, nafundisha zima.

Ofisi yetu ni ya bima. Siku hiyo tulikuwa na wageni wa makao makuu, mkubwa wangu wa kazi akaniambia niunganishe kompyuta yangu na ile mashine ya kuonyesha ukutani. Nikaunganisha. Kabla sijafungua hesabu zangu, ukuta mzima ukajaa wateja wa Kaka, wamepangana juu ya kivinjari kama foleni ya kliniki. Mmoja wa wageni akasoma kwa sauti: mrembo wa kona, meno hayasukumi. Chumba kizima kikacheka. Mkubwa akaniuliza kama nina biashara ya pembeni, nikajibu kwamba ni mambo ya mtoto wa jirani, alichezea kompyuta. Uso ukiwa unaniwaka, nikafuta alamisho zote palepale, folda na vilivyomo.

Mtoto wa jirani. Mwanamume mwenye mvi, aliyenilipia shule kwa vidole vyake vilivyotobolewa na sindano.

Jioni Kaka akarudi na tableti kwapani. Hakuvua hata viatu. Akaniuliza kama nimeona kurasa zake, maana ametafuta tangu mchana na hazipo, na kwenye simu hazipo pia. Nilijua papo hapo. Nakiri hilo kwanza, nisije nikajikosha: nilijua kabla hajamaliza kuuliza. Lakini kusema nimezifuta kungeleta swali la kwa nini, na jibu lake ni kwamba nilimwonea aibu mbele ya watu wenye tai.

"Labda ulibonyeza vibaya, Kaka," nikasema.

Akaitazama mikono yake, akasema labda.

Ili mjue nilichofanya, lazima niwaambie habari za mama. Mama aliugua ugonjwa wa kusahau, na kwake ulianza na vitu kupotea. Pochi imeibiwa, kanga imeibiwa, funguo zimeibiwa, halafu funguo tunazikuta kwenye kopo la chumvi. Mwishowe alikuwa akimuuliza Kaka wewe kijana ni wa nani. Na ni Kaka aliyemwogesha, ni Kaka aliyemlisha, miaka yote ile. Mimi nilikuwa na kazi. Daktari alitwambia ugonjwa ule wakati mwingine hufuata damu, na Kaka hakuwahi kulizungumzia neno hilo tena, ila kila alipopoteza bisibisi nilimwona akikaa kimya kwanza.

Basi siku zilizofuata nyumba yetu ikawa nzito. Kaka alisimama mbele ya kabati akigusa vitu kimojakimoja. Asubuhi nilimsikia bafuni akijitajia wateja wake, fulani na ugonjwa wa mashine yake, na alipokwama maji yaliendelea kumwagika. Chakula kikawa hakipandi. Mara moja tu alisema, tena akiwa amenipa mgongo: "Mama alianza hivihivi, mdogo wangu." Nafsi ikanisuta. Nikamwambia aache mawazo, ni uchovu tu. Neno lilikuwa hapa kooni, nikalirudisha.

Nikaona bora nizirudishe kimyakimya. Kabatini kwangu kulikuwa na kompyuta ya zamani ambayo sikuwa nimeiwasha tangu nipewe ile ya ofisini, na ilikuwa na akaunti ileile. Safari hii nilitumia akili: nilizima intaneti ya nyumba kwanza, maana ikipata mtandao tu, nayo ingefuta. Nikaiwasha. Wote walikuwamo, Mama Mapacha, Mzee Kinyongo, mrembo na meno yake. Nikawaweka kwenye faili moja, nikawasha tena intaneti, faili nikalirudisha kwenye akaunti, na muda si muda walikuwa wamesharudi kwenye simu na tableti. Nikajipongeza. Nikaona yamekwisha, hakuna aliyeumia, hakuna aliyejua.

Kesho yake nilipotoka kazini nilipitia karakana, nikitegemea kumkuta anapiga mluzi. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Ndani, cherehani zilikuwa zimefungwa kwa kamba, kila moja ina karatasi ya jina la mwenyewe, hata zile ambazo hajazigusa. Bisibisi zake zilikuwa zimelazwa kwenye kitambaa kama za mtu anayehama. Kaka alikuwa amekaa kwenye kigoda, tableti mapajani.

"Ziko," akasema. "Zote ziko. Hazikwenda popote, zilikuwepo siku zote. Ni mimi nilikuwa sizioni."

Nikasema Kaka, subiri.

"Nimewaambia wachukue mashine zao. Sindano ya mashine ya umeme inatoboa kidole, siwezi kufanya kazi na kichwa kisichoona kilichoko mbele yake. Nakuomba kitu kimoja tu. Nikianza kukuuliza wewe ni nani, usiniogeshe wewe. Tafuta mtu umlipe."

 Nikakaa juu ya mashine ya mtu, nikamweleza yote: ukuta, wageni, kicheko, mtoto wa jirani, kompyuta ya kabatini. Nilieleza ovyo, mwisho mwanzo, mwanzo katikati. Alinisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza akaniambia nirudie, nikarudia. Akaniambia nirudie pale pa kufuta tu.

"Nilizifuta mimi, Kaka. Na nilipozirudisha, nilizirudisha mimi. Wewe huna ugonjwa."

Nilisubiri anitukane. Nilitaka anitukane. Badala yake alijifunika uso kwa kile kitambaa cha bisibisi, mabega yakawa yanatikisika, na alipokiondoa machozi na grisi vilikuwa vimechanganyika mashavuni. Akanishika mkono akaniambia ahsante. Akasema ahsante tena, kwamba nimemrudishia uhai wake. Mpaka leo hakuna tusi lililowahi kuniuma kama ile ahsante. Kuhusu mtoto wa jirani hakusema kitu, ila alianza kufungua kamba za mashine ya kwanza, nikamsaidia ya pili.

Tangu siku hiyo tukapata mzaha wa nyumbani. Taa ikiachwa inawaka, maziwa yakimwagika jikoni, miwani isipoonekana, Kaka ananitazama kwa jicho moja na kuuliza: ni wewe au ni mimi? Nami najibu ukweli, maana nilijiapia sitamdanganya tena. Mara nyingi ni mimi, na haraka zangu. Anacheka, yanaisha.

Juzi asubuhi nilikuwa naosha vyombo, yeye yuko mezani anajitengenezea chai. Nikasikia kijiko kimesimama. Nilipogeuka alikuwa ameshika kopo lake la sukari, ameinamia ndani. Akaingiza vidole akatoa bobini mbili, kisha funguo za karakana, akaziweka mezani zikiwa zimejaa sukari. Hakutabasamu. Alinitazama kwa macho yote mawili.

"Ni wewe au ni mimi?"

"Ni mimi," nikasema, na kopo lile sijaligusa tangu niache sukari.

Akashusha pumzi, akanisema kwamba haraka zangu zitaniponza siku moja, akatia vijiko vyake vya sukari na kuanza kukoroga. Mimi nikageukia vyombo, nikafungua maji kwa nguvu ili asinisikie nikilia.