Karatasi Iliyopita Benchi kwa Benchi

Shuleni alikuwa dada mkuu, na mwalimu akitoka darasani ni yeye aliyeandika majina ya wapiga kelele. Jina likishaingia kwenye ile karatasi, mwenye jina halali bila machozi. Lake halikuwahi kuingia.

Kwa hiyo chuoni, wiki ya kwanza, karatasi ya majina ilipopita ukumbini benchi kwa benchi, aliipokea kwa ncha za vidole akampa jirani. Mimi sikufungua mdomo, alisema moyoni. Aliwashangaa wenzake wanavyojiandika wenyewe huku wanacheka. Watu wa huku hawana aibu, akawaza, na kuuliza akaona haya. Wiki zikapita hivyo hivyo.

Kabla ya mtihani, orodha ya walioruhusiwa ikabandikwa mlangoni. Alipitisha kidole juu hadi chini, akarudia chini hadi juu. Hakuwamo.

"Mahudhurio yako sifuri," karani alimwambia bila kuinua uso. "Hujasaini hata siku moja, dada yangu. Kama tumehesabu vibaya, kesho niletee karatasi zenye saini yako."

Kumbe ile karatasi haikuwa ya wapiga kelele. Chumbani alimweleza mwenzake, waliyemwita Redio kwa kutojua kunyamaza. Redio alicheka hadi akashika ukuta, kisha akamwona anavyolia, akaacha.

"Karatasi anazo mwakilishi wa darasa letu," akasema. Akatoka, akarudi nazo. "Nafasi tele. Tia saini zote kumi na mbili, moja kila wiki, yaishe. Kwani utakuwa umedanganya? Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Sasa je?"

Alishika kalamu muda mrefu. Mungu anajua nilikuwepo, aliwaza. Na saini hizi atajua nimezitia leo.

"Zirudishe, shoga yangu."

"Haya, mtakatifu. Usije ukanililia tena."

Yeye akakusanya madaftari yake, akaenda ofisini kwa mhadhiri.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Mzee yule alifungua daftari moja baada ya jingine, kila somo na tarehe yake. Akavua miwani. "Nakujua. Wewe ndiye unayesimama nikiingia. Lakini kanuni inataka saini, binti, madaftari haiyatambui. Utarudia somo mwakani."

Nje aliegemea ukuta, akampigia mama yake, fundi cherehani.

"Mama, mtihani sifanyi."

Cherehani ikanyamaza upande wa pili. "Unaumwa?"

"Hapana."

"Umefanya ubaya?"

"Hapana, mama. Kuna kitu sikukijua, nikaona haya kuuliza."

Mama alishusha pumzi.

"Na vingine usivyovijua hapo ni vipi? Nitajie."

Alitaka kujibu. Vilikuwa vingi, hakujua aanze na kipi.