Waliokuja Badala ya Candela

Alasiri moja ya Septemba Bi Casilda alisimama kwenye shamba la ngano lililokwisha kuvunwa, mfuko umejaa vipande vya soseji, akamwita mbwa wake aliyekuwa kwenye kamba ndefu. Candela alikuwa galgo, mbwa mwembamba wa kukimbiza sungura, aliyetolewa karibuni katika makazi ya mbwa waliotupwa. Waliomkabidhi walimwonya Bi Casilda asimfungue kamba kabla hajajifunza kuitika. Galgo akimwona sungura humkimbiza mpaka barabara kuu, na huko malori hayana breki za huruma.

"Candela, njoo!"

Candela akatazama kwingine. Aliyekuja ni galgo mwingine, dume la kijivu, mbio kutoka kwenye misonobari, kipande cha kamba kikimning'inia shingoni. Akaketi mbele yake kwa adabu. Alikuwa amekufa tangu Februari. Bi Casilda akampa soseji, maana aliyeitika ana haki yake.

Kila alipoita, Candela aligoma na marehemu mwingine akaja. Kijiji cha Valdecierzo hakikushangaa, kwani nani asiyejua ya misonobarini? Msimu wa kuwinda ukiisha, wanaume hupeleka huko mbwa ambao hawataki kuwalisha mpaka msimu mwingine, wakawanyonga kwa kamba. Mbwa aliyemfuata sungura kona kwa kona hutundikwa juu mtini, afe upesi. Aliyeng'amua ujanja wa sungura akakata njia huitwa mchafu, eti amemwaibisha bwana wake mbele za watu, naye hutundikwa chini, kucha zikigusa ardhi. Waungwana hao hupima heshima yao kwa urefu wa kamba, kisha huenda kusali.

Kilichowaudhi ni kwamba marehemu, wakishakula, walikwenda kulala kila mmoja langoni kwa bwana wake, na bwana akitoka, walimtikisia mkia. Fulgencio, mwenyekiti wa chama cha wawindaji, alilazimika kuwaruka ili afike kwenye gari. Akamwendea Bi Casilda, kofia kichwani.

"Jirani, acha kuita. Mke wangu kaanguka juzi kwa ajili yao."

"Siwaiti wako mimi. Namwita wangu."

"Wangu wanasikia haraka. Niliwafundisha mwenyewe."

"Hata ile siku ya kamba walikuja?"

"Kwa mbinja moja tu," Fulgencio akasema, na kifua kikamtuna.

Bi Casilda akamwacha hapo, akarudi shambani. Akaendelea kuita. Candela aliwatazama wenzake wakija, wakiketi, wakila, wala hakuna aliyepigwa. Jioni moja ya Novemba aliitwa, akasitasita, kisha akakimbia bega kwa bega na lile dume la kijivu, akaketi, akapokea nyama mkononi. Bi Casilda alilia palepale shambani, akamfungua Candela kamba na kuitupa.

Februari ikaja, msimu ukaisha, na chama kikakutana. Kama kuna aliyetarajia kwamba wataona haya, hawajui watu hao. Walikubaliana kununua pamba na nta ya mishumaa. Wakaanza na marehemu wa malangoni, wakawaziba masikio, nao wakatulia tuli, maana walifundishwa kutulia. Wakawaongoza kuwarudisha misonobarini kwa kamba zao wenyewe. Halafu wakawapeleka mbwa wa mwaka huo, waliokuwa bado hai. Fulgencio aliziba masikio ya mbwa wake kwa mkono mwepesi, asimuumize, na mbwa akamlamba vidole. Jumapili padri alishukuru kwamba amani imerudi kati ya majirani.

Siku iliyofuata sungura alichomoka shambani, Candela nyuma yake, wakielekea barabara kuu. Bi Casilda akaita. Candela akageuka, akamwacha sungura aende zake, akarudi mbio na kuketi mbele yake kama inavyotakiwa. Akala soseji yake.

Nyuma ya Candela shamba lilikuwa tupu. Bi Casilda alingoja, mfuko bado mzito, akitazama misonobari. Kisha akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi, "Njoo!" na mbwa wake, aliyekuwa tayari miguuni pake, akamsogelea.