Betri ya Restituta

Dagaa wa usipa walikuwa wameadimika ziwani, kwa hiyo pikapu ya Restituta ya kubebea samaki ilikaa nyuma ya nyumba pale Kihagara muda mrefu bila kuwashwa. Siku moja kabla ya mdogo wake, Emerensiana, kuweka nadhiri za utawa kule Mapera, Restituta alizungusha ufunguo. Gari likatoa mlio mdogo, kisha kimya.

Alifungua betri akaipeleka kwa Mzee Ignatio, anayechaji betri kijijini. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

"Shikamoo, baba. Itachukua muda gani? Kesho alfajiri nampeleka mama kwenye nadhiri."

"Marahaba. Betri yako ni ampea sabini, chaja yangu inatoa kumi. Saa saba hivi. Ila inategemea imebaki na nini ndani."

Saa saba mchana Restituta alirudi. Mzee alikuwa ameenda shambani. Mkewe akachomoa nyaya, akampa betri yake.

Jioni Ignatio akamfuata nyumbani. "Mama, mbona umeiwahi?"

"Si ulisema saa saba?"

"Nilisema ichajiwe kwa saa saba. Ilikuwa itoke saa kumi."

Restituta alijaribu kukumbuka maneno yenyewe. "Sasa imejaa kiasi gani?"

"Nusu. Labda zaidi, maana haikuwa imekufa kabisa. Labda pungufu. Betri ikizeeka inadanganya."

"Niirudishe?"

"Umeme umekatika. Jaribu hivyo hivyo. Likiwaka, litajichaji njiani."

"Njia ya Mapera inatosha?"

"Hapo sijui, mama."

Alfajiri gari liliwaka. Walipanda milima taa zikiwaka kwa sababu ya ukungu, na Restituta hakujua kama betri ilikuwa inaongezeka au inapungua. Walipofika, hakuthubutu kuzima injini. Mama yake akaingia kanisani peke yake. Yeye akabaki kwenye usukani, akisikia nyimbo kwa mbali. Alipiga hesabu: nusu, jumlisha safari, toa taa. Kila akirudia, jibu lilikuwa jingine.

Ndipo akasikia kwenye kipaza sauti padri akimwita Emerensiana kwa jina. Sauti ya mdogo wake ikajibu, nyembamba, yenye kutetemeka. Restituta akazima gari, akakimbilia ndani, akasimama nyuma kabisa karibu na mlango. Alimwona akipiga magoti mbele ya altare.

Mchana, baada ya chakula, ndugu wanne walikwenda kushika nyuma ya gari, tayari kulisukuma. Restituta akavuta pumzi, akazungusha ufunguo. Gari likawaka mara moja.

"Betri nzima hii," mjomba mmoja akasema, akijifuta mikono. "Mlikuwa na wasiwasi wa nini?"

Restituta akampigia mama yake honi aje apande, kabla injini haijazimika.