Kamera ya Mkwe Haijafika

Mkwe alianza kuingoja kamera mpya kabla haijafika duka lolote, na tangu siku hiyo Mzee Tulia akaacha kumwamini.

Walifanya kazi pamoja katika studio ya picha, nyembamba kama korido. Mbele kulikuwa na kaunta, katikati stuli na pazia la buluu, na nyuma kabisa chumba cha giza ambacho siku hizi hakuingia mtu ila Mzee mwenyewe. Jina la Tulia alipewa na wateja. Kabla ya kubonyeza alisema "Tulia," mara moja tu, na hata watoto wakorofi walitulia. Picha za pasipoti na za harusi sasa zilikuwa kazi ya mkwe, mume wa binti yake wa pekee, aliyepiga kwa kamera ya dijitali na kuchapa hapo hapo. Mzee alibaki na kamera yake ya filamu, ndogo, ya chuma na ngozi nyeusi, ya kuingia mfuko wa koti. Ilikaa juu ya kabati ndani ya ala yake, na mwenye kuishusha alikuwa mmoja.

"Baba, itazame hii," mkwe alimwambia asubuhi moja, akimnyooshea simu. "Kampuni ile ile ya kamera yako inatoa mpya. Dijitali, lakini sura ni ya kwako tupu."

Mzee alivaa miwani. Kweli, ilikuwa sura ya kwake. Hata ule mkono mdogo wa kusogezea filamu ulikuwepo, juu upande wa kulia.

"Inatiwa filamu?"

"Hapana, baba. Kadi."

"Na mkono huu unasogeza nini?"

Mkwe akacheka. "Hausogezi kitu. Ni pambo. Watu wanapenda tu kuuvuta."

"Kipara kanunua kitana," alisema Mzee, akamrudishia simu yake. "Kitu kinachojifanya kitu kingine, mimi sikikaribishi ndani."

Laiti mambo yangeishia kwenye simu. Lakini nyuma ya habari za kamera mpya yalikuja maswali kuhusu ile ya zamani. Ala hii ndiyo iliyotoka nayo dukani? Chini haina mkwaruzo? Siku nyingine Mzee alitoka chumba cha giza akamkuta mkwe ameizungushia kamera futi ya fundi cherehani, anaipima upana kama maiti ya kuchongewa jeneza.

"Unaipima ya nini?"

"Ah, naangalia tu, baba. Wanasema mpya itakuwa saizi hii hii."

Kisha akaja mtu mwenye koti la kijivu, ambaye hakutaka kupigwa picha. Aliinua macho juu ya kabati.

"Ile kamera bado ipo?"

"Ipi?" Mzee aliuliza.

"Basi, mzee wangu. Nitakuja kijana wako akiwepo."

Mzee alikuwa msomaji wa magazeti, hata yale yaliyofungiwa sabuni. Alikuwa amesoma kwamba tangu mpya itangazwe, za zamani zinatafutwa kama dawa, na wenye fedha zao wanazifuata popote zilipo. Akajumlisha: maswali, futi, koti la kijivu. Jibu alilopata halikumpa usingizi mzuri. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii alikuwa ameivaa mwenyewe siku alipomtoa binti yake.

Alitega.

Mtego wake ulikuwa wa mpiga picha. Filamu haivumilii mwanga. Ukifungua mlango wa nyuma wa kamera kabla filamu haijarudishwa kwenye kopo lake, inaungua, na ikisafishwa kwa dawa inatoka nyeusi pale ilipoungua. Mnunuzi yeyote wa kamera ya zamani lazima afungue mlango huo, atazame ndani. Basi Mzee alitia filamu, akapiga picha za stuli tupu, akairudisha kamera kwenye ala, akaiweka mahali pake. Alitangaza kwamba anakwenda kumtazama dada yake mgonjwa. Dada alikuwa mzima, ila alifurahi kutazamwa.

Aliporudi alipita moja kwa moja chumba cha giza. Alisafisha filamu, akaitoa kwenye maji, akaiinua kwenye taa. Aliona weusi. Hakungoja ikauke, hakuvaa hata miwani. Aliitundika kwenye kibanio akatoka na mikono inayochuruzika.

Kwenye stuli alikaa Mama Pindo, fundi cherehani wa jirani, ameinua kidevu kwa ajili ya picha ya pasipoti. Mkwe alikuwa amejikunja nyuma ya kamera.

"Umeifungua kamera yangu," alisema Mzee.

Mkwe akageuka. "Kamera gani?"

"Usinichezee. Umeifungua ukamwonyesha mnunuzi wako. Nina ushahidi, unaning'inia humo ndani. Nilikupa binti, nikakupa kazi, kumbe nimefuga mwizi."

"Nimeishika, baba. Sijaifungua."

"Mwizi!"

Mkwe alizima taa zake moja moja, akatoa ufunguo wa studio mfukoni, akauweka juu ya kaunta bila kuubamiza. Akatoka.

"Sasa na picha yangu?" Mama Pindo aliuliza. Kidevu kilikuwa bado juu.

Mama Pindo hakuwa mbaya, ila duka lake lilijaa wateja kutwa nzima, na mdomo wake ulikwenda sambamba na cherehani. Habari haikuchelewa.

Binti alikuja na kanga ya nyumbani, hata hakubadilisha nguo. Hakuketi.

"Baba, wenye harusi ya Jumamosi wamepiga simu. Hawamtaki tena."

"Mimi sikuwapigia."

"Hukuwapigia, lakini umesema. Unaijua kazi yake kuliko mimi. Anaingia vyumbani mwa watu. Bibi harusi anavalishwa, dhahabu ziko kitandani, mikoba ya shangazi imezagaa kila kona. Nani atamfungulia mlango mtu aliyeitwa mwizi na baba mkwe wake? Leo ni harusi moja. Kesho ni zote."

"Mwenye kosa ni yeye."

"Basi nionyeshe. Ulisema ushahidi unaning'inia. Nionyeshe nikamtazame usoni nikijua."

Aliingia naye chumba cha giza, akaibandua filamu iliyokwisha kukauka, akaitoa hadi kwenye dirisha la nyuma. Safari hii alivaa miwani. Aliinyoosha kwa vidole viwili, akaanza kueleza, "Unaona hapa," kisha akaisogeza karibu zaidi na macho.

Weusi ulikuwepo. Lakini haukuwa ule aliofikiri. Mlango ukifunguliwa, mwanga humwagika kama maji: hufunika yote yaliyo nje ya kopo kwa mkupuo mmoja, na yaliyojificha ndani hupona. Hapa hakuna kilichofunikwa. Kila picha ya stuli ilikuwa nzima, na kila moja ilikuwa na ulimi mdogo mweusi pembeni, mahali pale pale, umbo lile lile. Mkono wa mtu haurudii hivyo. Huu ulikuwa mwanga unaopenya wenyewe. Kingo za mlango wa kamera huzibwa na sponji nyembamba, na sponji, kama goti, ina miaka yake.

"Ndiyo weusi wenyewe huo?" binti aliuliza begani pake. "Ndivyo inavyokuwa ikifunguliwa?"

Hakuna mwingine mtaani pale aliyejua kusoma filamu. Mkwe alikulia kwenye kadi. Mama Pindo angeona weusi akaridhika. Ingetosha kusema ndiyo, tena kwa kichwa tu.

"Baba?"

"Mumeo yuko nyumbani?"

"Yuko."

"Lete hiyo kamera. Ibebe wewe. Usiitoe kwenye ala."

Mkwe alikuwa mezani, anafuta lenzi ambazo tayari zilikuwa safi. Alisimama alipomwona Mzee, kwa sababu hakulelewa vibaya, lakini hakumkaribisha. Binti aliweka kamera mezani.

"Ifungue," Mzee alimwambia mkwe. "Haina filamu. Fungua mlango wa nyuma."

"Siifungui."

"Nimekuruhusu mimi."

"Leo umeniruhusu. Kesho utakuta ukucha wa mtu humo ndani, utasema ni wangu. Siifungui, baba."

"Enyi watu wawili," alisema binti, "mtanizeesha." Akaitoa kamera kwenye ala, akavuta kile kidude cha pembeni kama alivyoona tangu utotoni, mlango ukafunguka. Akapitisha kidole kwenye ukingo. Kilitoka cheusi, kinanata kama kimechovywa lami.

"Hii nini?"

"Sponji," alisema Mzee. "Ilikuwa. Imeyeyuka. Mwanga umepita hapo." Akamgeukia mkwe. Maneno yaliyofuata yalitoka moja moja. "Hukuifungua. Nilisoma vibaya. Nilihukumu kabla ya kusoma."

Mkwe alitazama kidole cha mkewe, kisha akamtazama Mzee.

"Na yule mwenye koti la kijivu?" Mzee alishindwa kujizuia. "Huyo naye ni sponji?"

"Huyo nilimwita mimi."

Binti aligeuka kwa ghafla.

"Nilimwuliza bei," mkwe alisema. "Kuuliza si kuuza. Nilitaka kujua kile kitu kinachokaa juu ya kabati bila kufuli kina thamani gani. Siku moja kitakuwa cha wanangu."

"Kumbe! Kwa hiyo unangoja nife."

"Nangoja kamera mpya, baba. Kwa kamera hiyo ningeingia hata kwenye harusi kubwa kubwa, za watu wanaotaka picha zenye sura ya zamani. Ndiyo maana nilipima ile yako, Mama Pindo ameshaanza kunishonea mfuko wake. Wewe ndiye uliyeona nangoja kingine."

Mzee alimwamini nusu. Nusu nyingine aliiweka mfukoni. Haikuwa saa yake. Aliuliza wenye harusi wanakaa wapi.

Njiani yeye na mkwe walimpitia Mama Pindo, ambaye alisikia kila kitu akiwa na pini mdomoni, akazitema, akafunga duka. "Mimi ndiye niliyeyapeleka maneno," alisema. "Siwezi kukosa kuyaona yakirudi."

Baba wa bibi harusi, mwenye duka la mbao, alifungua mlango nusu, akabaki ameushikilia. Alimwona mkwe nyuma ya Mzee, na mkono wake ukaukaza mlango zaidi.

"Tumeshasema kwa simu."

"Mlisema kwa sababu yangu," alisema Mzee Tulia. "Mimi ndiye niliyemwita mwizi, na nilikosea. Hakuiba, hakujaribu, hata hakufungua."

"Aliyefungua ni nani basi?"

"Sponji."

Mama Pindo aligeuka ukutani, mabega yakamtetemeka. Mwenye duka la mbao hakucheka.

"Mzee, mimi nina binti mmoja," alisema. "Jumamosi nyumba hii itakuwa wazi, kila chumba. Maneno ni rahisi. Jana ulisema hivi, leo hivi. Kesho je?"

"Unataka nini?"

Mtu yule alifikiri, akiwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Njoo naye. Umshikie begi, kila chumba atakachoingia, wageni wote wakuone. Mtu hamshikii mwizi begi."

Mzee Tulia hakuwahi kumshikia mtu begi, hata wakati ule wa kujifunza kazi. Alijifunza peke yake, kwa vitabu, baada ya masomo ya jioni. Alihisi macho ya mkwe kisogoni. Hayakumsihi, yalingoja tu.

"Nitamshikia," alisema.

Mlango ukafunguliwa wote. Mkwe akatoa simu kuandika saa ya kufika, na bila kuinua kichwa akasema, "Begi lina taa mbili na stendi, baba. Ni zito."

"Nimesema nitashika. Wewe niambie tu tunaanza chumba gani."